Saa Janja kwa Mkazi wa Dar: Ipi Ununue Kwanza, Ipi Uiache Dukani

Ukiingia fremu yoyote ya simu Mtaa wa Aggrey, Kariakoo, ukauliza saa janja, muuzaji atakutajia inavyopima: mapigo ya moyo, hatua, usingizi, oksijeni, presha, sukari, na michezo mia na zaidi. Wateja wengi wanalipa kwa kuhesabu sifa hizo. Mwezi mmoja baadaye saa iko kwenye droo, imeisha chaji, na chaja haijulikani ilipo. Mashine yenyewe ni nzima. Mwenyewe ameichoka, kwa sababu juani haisomeki, ikilowa jasho inajibonyeza, na kila baada ya dakika mbili inatetema kwa meseji za kundi la harusi.

Kwa hiyo mpangilio huu haufuati wingi wa sifa. Nimeangalia jambo moja: saa inakusumbua kiasi gani kuanzia unapoamka mpaka unapolala, kwa joto la Dar, jua la Dar na foleni za Dar. Mtu hutazama mkono sekunde mbili au tatu tu, na kama sekunde hizo hazikutoshi kupata ulichotaka, bora ungetoa tu simu mfukoni.

Mambo ya kujaribu kabla ya kuuliza bei

Anza na kioo. Kioo cha LCD taa yake inatokea nyuma, na jua kali likikipiga kinapauka. Kwenye AMOLED kila nukta inatoa mwanga wake yenyewe, hivyo maandishi yanasimama vizuri juu ya weusi, mradi mwanga wake uwe mkali wa kutosha. Kipo na cha tatu, kinachoakisi mwanga wa nje badala ya kushindana nao, ambacho Garmin, kampuni ya saa za michezo, wamekitumia kwa miaka mingi. Hicho jua linavyozidi ndivyo kinavyosomeka. Ndani ya fremu yenye taa nyeupe vyote vitatu vinapendeza, kwa hiyo mwombe muuzaji utoke nayo mlangoni, uinue mkono kama unavyoangalia saa siku zote. Ukilazimika kukinga kwa kiganja ili usome, irudishe.

Jambo la pili ni jasho. Kioo cha tachi kinahisi umeme mdogo unaopita kwenye kidole, na maji ya chumvi nayo yanapitisha umeme. Ndiyo maana mtu akikimbia Coco Beach asubuhi ya Januari, saa yake inabadilisha kurasa yenyewe au inakataa kabisa kusikia kidole. Dawa yake ni kitufe cha kubonyeza. Chukua chupa ya maji, lowesha vidole, kisha jaribu kuzima alamu na kusimamisha zoezi. Saa ambayo unaweza kufanya hayo mawili kwa kitufe, bila kuitazama, imetengenezwa na watu waliofikiria mkono wako.

Tatu ni arifa, na hapa naomba tukae kidogo.

Fikiria uko kwenye Mwendokasi ya jioni kutoka Kivukoni kwenda Kimara. Umesimama, mkono umeshika bomba la juu, saa yako iko usawa wa macho ya watu wanne. Inaingia meseji ya M-Pesa. Kioo kinawaka chenyewe, kinaandika jina la aliyekutumia, kiasi alichotuma na salio lako jipya, na kinabaki kinawaka. Hukugusa chochote, lakini watu wanne wameshajua una shilingi ngapi. Saa nzuri inakuachia uchague, programu moja moja, nini kipite na nini kisipite, na kama maneno ya meseji yajitokeze yenyewe au yasubiri uguse. Saa mbaya ina swichi moja tu: zote au hakuna. Omba uonyeshwe menyu hiyo ukiwa bado dukani. Mimi naihesabu kuwa muhimu kuliko kipimo chochote cha afya.

Chaji nitaipitia haraka, maana kila mtu anaijua kero ya umeme kukatika. Saa ya wiki mbili unaisahau, saa ya siku moja inakutawala. Kumbuka tu kwamba kila kampuni ina chaja yake, nyingi za sumaku, na mara nyingi chaja ya toleo moja haikai kwenye jingine. Nunua ya akiba siku hiyohiyo.

Kuvaa na kuvua nako watengenezaji wengi hawakufikirii. Anayeswali anatawadha hadi mara tano kwa siku, na maji lazima yafike kwenye ngozi iliyo chini ya saa. Mkanda wa plastiki wa kupenyeza vijino viwili unachosha kufikia Adhuhuri. Mkanda wa kitambaa wenye kunata au wa sumaku unatoka kwa mkono mmoja, tena unapitisha hewa, na ngozi haiwashi kipindi cha joto. Saa yenye nafasi ya mkanda ya milimita 20 au 22 inakubali mikanda ya kawaida inayouzwa kila mahali, na kwa mji huu wa jasho hiyo ni faida kubwa.

Ya kwanza: bendi ndogo

Kwa mfanyakazi, mwanafunzi, mama wa nyumbani, au yeyote anayeanza, chaguo langu la kwanza ni bendi, yaani saa janja ndogo nyembamba, kama Xiaomi Smart Band 9 au Huawei Band. Hiyo ya Xiaomi ilitoka 2024. Ina kioo cha AMOLED cha inchi 1.62 chenye mwanga unaofika niti 1,200, na kampuni inaahidi chaji ya hadi siku 21. Usizitegemee siku hizo ukiweka kioo kiwake muda wote na mapigo yapimwe kila dakika, ila hata nusu yake ni raha. Imepewa daraja la 5 ATM, yaani inahimili mgandamizo wa maji yaliyotulia ya mita 50. Hiyo inatosha kuoga, kutawadha, mvua ya masika na kuogelea. Haina maana ya kupiga mbizi, na ukitoka baharini isuuze kwa maji yasiyo na chumvi.

Ninachoipendea zaidi ni wepesi wake. Inakaa mkononi usiku kucha bila kukera, na hapo ndipo alamu ya mtetemo inapoleta heshima ndani ya nyumba: unaamka kula daku au kuwahi zamu ya alfajiri Muhimbili, na mwenzako haamki.

Kasoro za hiyo ya Xiaomi ni mbili. Haina kitufe, hivyo kwa jasho jingi itakuudhi. Haina GPS yake yenyewe, hivyo kupima kilomita lazima ubebe simu. Kwa anayetembea kutoka kituoni mpaka ofisini hilo si tatizo. Na kama lengo lako ni hatua 10,000 kwa siku, usijitese ukizikosa: namba hiyo ilipata umaarufu kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965. Ukipanda bodaboda kwenye barabara mbovu, bendi inaweza kukuongezea hatua ambazo hukutembea.

Ya pili: Garmin ya vitufe, kwa watu wa jogging

Dar ina vikundi vya jogging kila kona, Temeke mpaka Mbezi, na kwa watu hao ningeweka hii namba moja. Forerunner 55, ya mwaka 2021, haina tachi kabisa. Ina vitufe vitano, kioo kinachopenda jua, GPS ya ndani na chaji ya hadi wiki mbili. Ukiivaa mara ya kwanza inaonekana ya kizamani ukilinganisha na zenye rangi za kuwaka. Kimbia nayo mara moja, mikono imelowa, jua limeshapanda, ubonyeze kitufe cha kulia kusimamisha muda bila kuangalia, utaelewa kwa nini wakimbiaji hawaiachi. Matoleo mapya kama Forerunner 165 yameongeza AMOLED na tachi, ila vitufe vimebaki palepale.

Ukitaka kujua GPS ya saa yoyote inasema kweli, vuka Daraja la Tanzanite kwa miguu kutoka ncha hadi ncha. Lina urefu wa takriban kilomita 1.03. Saa ikikuandikia mita 800 au 1,300, umeshapata jibu.

Ya tatu: saa za bei ya kati zinazopokea simu

Hapa kuna Oraimo, Redmi Watch, Amazfit Bip 5 na wenzao. Kwa dereva wa bodaboda au mama lishe ambaye mikono yake iko kwenye unga, kupokea simu kwa mkono ni msaada wa kweli. Bip 5 ina kioo kikubwa cha inchi 1.91, maandishi yake ni makubwa, na ni rahisi kwa wazee kuyasoma. Lakini ni LCD, kwa hiyo lile jaribio la mlangoni usiliruke. Sauti ya spika ijaribu barabarani Msimbazi, kwenye honi na kelele za wapiga debe. Mtetemo nao upime: dereva aliye juu ya injini asipousikia, saa haina kazi kwake.

Ya nne: Apple Watch na Galaxy Watch

Kwa ubunifu hizi ndizo bora. Menyu zake zimepangwa, herufi zinaongezeka ukubwa, arifa unazitawala utakavyo. Nimezishusha kwa sababu ya chaji tu: kwa miaka mingi Apple wenyewe walitaja hadi saa 18 kwa saa zao za kawaida, na Galaxy haikupeleki wiki. Pia Apple Watch inahitaji iPhone, na Galaxy Watch kuanzia ya 4 inahitaji Android. Kama simu yako ni Tecno, usishawishike na Apple Watch iliyotumika, hata ikiwa bei ya kutupa.

Ya mwisho: zile "Ultra" za elfu thelathini

Zimejaa mitaani, zina umbo la Apple Watch Ultra na majina kama T800 Ultra. Bei inavutia, na kama unataka saa ya kuonyesha muda tu sina ugomvi nawe. Ugomvi wangu uko kwenye presha na sukari.

Taa ya kijani iliyo mgongoni mwa saa inamulika ngozi, na damu inafyonza mwanga huo. Saa inasoma mwanga unaorudi, inakisia mapigo. Kwa mapigo njia hiyo inafaa, ingawa mwendo wa mkono, mkanda uliolegea, tatuu, na hina au piko iliyokolea kwenye kifundo cha mkono vinaweza kuivuruga. Ipandishe kidogo juu ya mfupa wa kifundo, ikaze isicheze. Kwa presha taa peke yake haitoshi. Samsung wanakutaka ulinganishe saa yao na kipimo cha presha cha kuvaa mkono wa juu kila baada ya siku 28, na Omron, watengenezaji wa vipimo vya presha, walipotaka presha ya kweli kwenye saa, waliweka mkanda unaojaa hewa. Kwa sukari, Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba hakuna saa wala pete iliyoidhinishwa kupima sukari bila kutoboa ngozi.

Jaribu mwenyewe. Ifunge saa hiyo kwenye chupa ya maji, bonyeza presha. Ikikupa 118 kwa 76, weka picha hiyo kichwani. Sasa mfikirie mzazi wako wa Mbagala anayemeza dawa za presha kila asubuhi, akiangalia namba hizo na kuamua leo apumzike na dawa. Fedha ya saa ya namna hii ongezea kidogo umnunulie kipimo cha kuvaa mkono wa juu, famasi wanacho, na mwombe mfamasia amwonyeshe kukitumia.

Kuna na suala la programu zake. Nyingi zinaomba kusoma meseji, majina ya simu na mahali ulipo, na kampuni iliyozitengeneza haijulikani. Kuanzia Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini ukishampa mtu asiyejulikana meseji zako za benki, kumpata ni kazi nyingine.

Ukishachagua

Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Boksi lifunguliwe mbele yako, saa iunganishwe na simu yako, si ya muuzaji, na utumiwe meseji ya majaribio mkiwa hapohapo. Dai risiti ya EFD na uliza waranti inashughulikiwa duka lipi. Kama saa inapokea laini ya simu, tafuta namba yake ya IMEI, ile ya kukitambulisha kifaa, na uitume kwa meseji kwenda 15090 ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano.

Ukifika nyumbani, ingia kwenye mipangilio ya betri ya simu na uiruhusu programu ya saa ifanye kazi muda wote bila kuzimwa. Tecno, Infinix na Xiaomi hupenda kuzifunga programu za nyuma ili kuokoa chaji, na ndiyo sababu kubwa ya watu kurudi dukani wakidai saa imeacha kuleta meseji. Kisha funga arifa zote, ufungue simu, meseji na kitu kimoja kingine unachokihitaji kweli. Makundi ya WhatsApp yaache kwenye simu.