Mgahawa wa samaki Raskazone: tathmini ya mlaji mwenye kisukari

Kwa mtu mwenye kisukari aina ya 2 anayetafuta chakula cha mchana mjini Tanga, tatizo si kukosa samaki wala mboga. Tatizo ni kwamba kila samaki huja na wali, ugali au chipsi, na mteja akiomba vipunguzwe huletewa chapati kama fidia. Mgahawa mdogo ulioko upande wa Raskazone, ambao ubao wake wa mlangoni unaahidi "chakula cha mababu kisichopandisha sukari", ndio wa kwanza ninaoufahamu hapa mjini unaoondoa wanga kwenye sahani bila kumfanya mteja aonekane msumbufu. Nimekula pale mara nyingi, nikiwa na mashine yangu ya kupimia sukari mfukoni, na ninaupendekeza, ingawa ahadi ya ubaoni haitimii katika kila sahani.

Chakula bora kuliko vyote pale ni changu wa kuchoma. Samaki huyo hupakwa chumvi, ndimu, kitunguu saumu na tangawizi, akaachwa akolee, kisha huchomwa polepole juu ya makaa mpaka ngozi ikauke na kupasuka huku nyama iliyo karibu na mfupa ikibaki na majimaji yake. Huandaliwa pamoja na kisamvu kilichotwangwa hadi kikalainika na kuungwa kwa tui, kachumbari yenye ndimu ya kutosha, na bamia zisizopikwa kupita kiasi. Sahani hiyo ina wanga mdogo sana, ule tu unaotokana na mboga, vitunguu na nazi, na hushibisha kwa sababu protini na mafuta yake ni ya kutosha. Saa mbili baada ya kuila, sukari yangu kwa kawaida husimama kati ya milimoli 6 na 7.5 kwa lita, wakati lengo wanalopewa wagonjwa wengi kwa muda huo ni kutofika 10. Ikumbukwe kwamba kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takriban gramu 45 za wanga, na sahani ya kawaida ya mgahawani huwa na zaidi ya kikombe kimoja. Wanga huo huvunjwa na kuwa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, na mwili usioitikia ipasavyo insulini, homoni inayoishusha, hushindwa kuiondoa kwenye damu kwa wakati.

Samaki wa kupaka alinipa mashaka. Ladha yake ni nzuri, lakini baada ya kumla mashine ilisoma 11.8, jambo ambalo samaki na nazi peke yake visingeweza kulisababisha. Nilipomuuliza mpishi, alinijibu bila kuficha: "Kaka yangu, nazi zimepanda bei, kwa hiyo tui naliongezea unga wa ngano kidogo ili rojo lishike." Nilitazama sufuria na kuona jinsi rojo lilivyokuwa limeganda pembeni kwa ulaini wa uji, tofauti na tui la kasimile ambalo likichemka huachia mafuta juu. Kwa mgahawa unaojitangaza kwa wenye kisukari, hilo ni kosa kubwa, kwa kuwa mteja hawezi kuuona unga uliokwisha kuchanganywa. Siku hizi nikimwomba hunipikia rojo lisilo na unga kwa kuongeza bei kidogo, na naona ni haki. Hata hivyo, mteja mgeni anapaswa kuambiwa kabla hajaagiza.

Jambo la pili ni vile vitu vinavyouzwa kama vya kiasili na hivyo salama: muhogo wa kuchemsha, asali inayotiwa kwenye chai ya tangawizi, na juisi ya ukwaju yenye sukari. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, nao uliletwa Afrika na Wareno, kwa hiyo mababu wa kale wa pwani hii hawakuujua. Lakini hata kama wangeujua, gramu 100 za muhogo mbichi zina takriban gramu 38 za wanga, na kongosho lililochoka halipokei chakula kwa kuangalia ukoo wake. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi, ambao hutajwa mara kwa mara na wanaosifu ulaji wa kale, hula nyama, lakini hula pia mizizi, ubuyu na asali nyingi, tena wakitembea na kuwinda kila siku. Chama cha Kisukari cha Marekani, katika ripoti yake ya mwaka 2019, kilieleza kwamba kupunguza kabohaidreti, yaani wanga na sukari, kwa jumla ndiko kwenye ushahidi mwingi zaidi wa kuboresha sukari ya damu. Kinachopaswa kuandikwa ubaoni, basi, ni kiasi cha wanga kilichomo katika kila sahani. Kijiko kikubwa cha asali kina gramu 17 hivi, na glasi ya madafu karibu gramu 9. Kwa hiyo mimi huagiza maji au chai ya tangawizi isiyotiwa asali wala sukari.

Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamaidi asianze mlo wa namna hii kwa kuvutiwa na ubao. Dawa hizo zinaweza kuishusha sukari chini ya 3.9 pale wanga unapoondolewa ghafla huku dozi ikibaki ileile, na hapo mtu hutetemeka, hutoka jasho, na anaweza hata kupoteza fahamu. Azungumze kwanza na daktari wake, kwa mfano katika kliniki ya kisukari, ili dozi irekebishwe, na apime sukari mara nyingi zaidi katika wiki za mwanzo.

Huduma ni ya heshima, vyombo ni safi, na sahani ya changu hugharimu kati ya shilingi 9,000 na 14,000 kulingana na ukubwa wa samaki. Ukifika baada ya saa nane mchana, changu huwa wamekwisha na hubaki kolekole wa kukaanga, ambaye naye hupakwa unga kabla ya kuingia kwenye mafuta. Mwombe mpishi akukaangie bila unga, atakubali.