DateTimeFormatter ya Java: sirudi tena kwa ile ya zamani

Tangu niachane na SimpleDateFormat, zana ya zamani ya Java ya kupanga maandishi ya tarehe, kwenye programu yangu ya simu ya miadi, mrithi wake DateTimeFormatter imenirudishia usingizi. Ile ya zamani ikitumiwa na nyuzi mbili (threads, yaani kazi za programu zinazoendeshwa sambamba) kwa wakati mmoja, tarehe huvurugika. Hii ikishaundwa haibadiliki, kwa hiyo naiunda mara moja na kuitumia kote.

Ninachokipenda zaidi ni ofLocalizedDate. Naipa FormatStyle.MEDIUM (mtindo wa urefu wa kati), yenyewe inapanga siku, mwezi na mwaka kwa kufuata lugha ya simu. Sikisii tena nani hutanguliza mwezi.

Ila ukiandika mpangilio kwa mkono, kuwa macho na herufi. Mimi niliandika YYYY badala ya yyyy, na miadi ya tarehe 30 Desemba 2024 ikasomeka 30 Desemba 2025! Herufi kubwa ni mwaka unaohesabiwa kwa wiki, na wiki ile ni ya kwanza ya 2025. Mtumiaji mmoja alidhani miadi yake imesogezwa mwaka mzima. Iliniuma sana.

Simu zilizo chini ya Android 8.0? Washa coreLibraryDesugaring, inayowezesha zana hizi mpya za Java kwenye simu za zamani, katika Gradle (zana ya kujengea programu), la sivyo programu itaanguka.