Tathmini ya Firefox: kivinjari kinachojua kurudisha dirisha lililofungwa kwa bahati mbaya

Tangu Windows 95, kitufe cha kufunga dirisha kimekaa kwenye kona ya juu kulia, jirani kabisa na kile cha kulikuza, na mkono ukiteleza kidogo tu, kazi iliyokuwa bado inaendelea hutoweka machoni. Programu nyingi hujikinga kwa kumuuliza mtumiaji iwapo kweli anataka kufunga. Swali hilo hufaa siku za mwanzo. Mtu akishalizoea, kidole hukubali kabla jicho halijasoma. Firefox ya kompyuta inafuata njia nyingine: inaacha dirisha lifungwe bila ubishi, kisha inalirudisha likihitajika. Naiona kuwa njia bora zaidi, na katika kazi hii Firefox imefanya vizuri kuliko programu nyingi ninazozitumia kila siku.

Chukua mtu anayeomba mkopo wa masomo. Dirisha moja lina fomu, mwongozo wa waombaji na barua pepe, kila kimoja kwenye kichupo chake (ukurasa mmojawapo kati ya kadhaa zilizofunguliwa ndani ya dirisha moja), na dirisha la pili linacheza muziki. Lile la kwanza likifungwa kwa bahati mbaya, anabonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja akiwa kwenye lililobaki, nalo linarudi na vichupo vyake vyote kwa mpangilio uleule. Mwongozo unafunguka pale alipokuwa amefika kusoma, kitufe cha kurudi nyuma bado kinazikumbuka kurasa alizopitia, na maneno aliyokwisha kuyaandika kwenye fomu mara nyingi anayakuta yamo. Nywila hazihifadhiwi, jambo ambalo ni sahihi, na tovuti inayomtoa mtumiaji baada ya muda itamtaka aingie upya. Kama kilichofungwa ni kichupo kimoja tu, atabonyeza Ctrl, Shift na T, na kila akirudia, kinafuata kile kilichofungwa kabla yake.

Yote haya yanawezekana kwa sababu kivinjari huandika hali ya madirisha yake kwenye faili takriban kila baada ya sekunde 15 unapofanya kazi. Kwa hiyo hata umeme ukikatika ghafla, kinachopotea ni kidogo sana. Yakifungwa madirisha yote, ukikiwasha tena utakuta kwenye menyu ya historia amri ya kurejesha kikao kilichopita, yaani madirisha na vichupo vilivyokuwa wazi kabla ya kuzima. Itumie mapema, kwa maana ukikizima kivinjari tena kabla ya kurejesha, kikao kipya huchukua nafasi ya kile cha zamani.

Toleo la 94, lililotoka mwaka 2021, liliacha kuonya kama kawaida pale mtu anapofunga dirisha kwa menyu, kwa kitufe au kwa mkato wa vibonye vitatu. Wapo waliolalamika, lakini naunga mkono uamuzi huo, kwani onyo halina kazi kubwa mahali ambapo kosa linaweza kurekebishwa mara moja. Waliobakiziwa onyo ni watu wa Linux na Mac, ambao mkato wao wa kuzima kivinjari kizima ni wa vibonye viwili na unatumia herufi Q, iliyopakana na W inayofunga kichupo kimoja. Hapo kidole kinaweza kukosea kwa upana wa kibonye kimoja tu na kufunga kila kitu, hivyo kuuliza kwanza ni haki. Asiyeridhika na mpangilio huu anaweza kuwasha au kuzima maonyo kwenye mipangilio.

Kasoro ninayoiona ni kwamba uwezo huu wote umefichwa. Dirisha likifungwa, hakuna kinachomwambia mtumiaji kwamba linaweza kurudi. Orodha ya madirisha yaliyofungwa karibuni imo ndani ya menyu ya historia, mahali ambapo mtu aliyeshtuka hafikirii kutazama. Gmail ukifuta barua, ujumbe mfupi hutokea chini ya skrini ukiwa na kitufe cha kutengua, na mtu hujifunza bila kufundishwa. Firefox ingefaa iweke ujumbe wa namna hiyo kwenye dirisha lililobaki. Tatizo linakuwa kubwa zaidi kwa aliyehamia kutoka Chrome, kwa kuwa huko Ctrl, Shift na N hufungua dirisha la faragha, lile lisilohifadhi historia ya kurasa. Anayetafuta faragha kwa mazoea hayo anaweza kushtukia kurasa zake za asubuhi zimerudi mbele ya watu.

Hapo ndipo penye tahadhari kwa wenye maduka ya intaneti, ambako kompyuta moja huhudumia wateja wengi. Mteja aliyefunga dirisha lake na kuondoka anaamini amemaliza, kumbe anayekalia kiti baada yake anaweza kulifungua upya na, kama hakutoka kwenye akaunti, kuikuta barua pepe yake wazi. Dirisha la faragha huondoa hatari hiyo, kwa sababu likishafungwa halirudi tena, lakini mteja naye apewe taarifa mapema kwamba akilifunga kwa bahati mbaya fomu yake itakuwa imekwenda. Kama dirisha la kawaida limeshatumika, mhudumu abonyeze Ctrl, Shift na Delete, kisha afute historia na vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huacha kwenye kompyuta) kabla ya kumkaribisha anayefuata.