Fundi wa gesi Magomeni: shaba imeirudisha Phoenix yangu barabarani

Baiskeli ya Phoenix niliyoachiwa na babu ndiyo hunibebea kreti mbili za samaki kutoka Mikindani hadi Mtwara mjini. Bomba la chini lilipopasuka, pale linapoingia kwenye kichwa cha usukani, niliipeleka kwa fundi wa kuchomelea kwa umeme. Elfu tano, dakika kumi. Siku ya nne likakatika tena, samaki wakaoga vumbi.

Na mimi nina lawama, maana niliwahi kusoma uchomeleaji VETA. Fremu hizi hazikuungwa kwa kuyeyusha chuma. Bomba huchomekwa ndani ya soketi, kisha shaba ya njano, ile yenye zinki, huyeyushwa na kupenyezwa kwenye uwazi wake. Shaba ile huyeyuka kwenye nyuzi 900 hivi; chuma husubiri hadi karibu 1,500, kwa hiyo bomba jembamba halitoboki. Waingereza walijenga hivyo tangu karne ya 19. Mwingereza Alfred Reynolds, aliyesajili mwaka 1897 bomba nene nchani na jembamba katikati, alihangaikia hilohilo: wepesi bila kiungo kudhoofika. Sasa ukipiga umeme juu ya shaba ya zamani, zinki iliyomo inageuka mvuke, chomeleo linajaa vitundu kama mkate wa kumimina.

Nikaipeleka kwa fundi wa gesi, mzee wa Magomeni ya hapa Mtwara. Alilitazama chomeleo tu. "Mwanangu, nani kakufanyia hivi?" Sikumtaja mtu. Alipiga tupa mchana kutwa mpaka uchafu wote ukatoka, akachomeka kipande cha bomba kwa ndani, akapaka boraksi, dawa ya kuifanya shaba ishike, akawasha gesi. Moto aliuzungusha, hakuukazia mahali pamoja. Chuma kilipoiva wekundu, akagusisha kijiti cha shaba, nayo ikanyweka kiunganishoni kama maji mchangani. Sikuwahi kuliona hilo chuoni.

Baiskeli nyingi za gia siku hizi huchomelewa kwa TIG, umeme unaolindwa na gesi ya agoni, ufundi uliotoka viwanda vya ndege vya Marekani miaka ya 1940. Huo nao hauumizi bomba jembamba, lakini mashine yake mzee hana.

Malalamiko ninayo. Aliahidi siku moja, zikawa tatu kwa sababu mtungi wa oksijeni uliisha, na faida yangu yote ikaishia kwa bodaboda. Elfu ishirini si ndogo, halafu rangi hapaki.

Huu ni mwezi wa tano tangu itengenezwe, napanda kilima cha kutokea Mikindani na kreti zilezile. Ufa hakuna. Kutu ndiyo imeanza, rangi bado sijanunua.