Nililipia kasri la Maruhubi, nikapewa la kubuni

Nianze na nyota msije mkasema nawazungusha: moja. Na hiyo moja ni ya nguzo, kwa sababu nguzo hazikunijibu vibaya.

Yule kijana simtaji. Tuseme ni mtembeza wageni, mmoja wa wale wanaokudaka Forodhani, Unguja mjini, hujamaliza hata juisi yako ya miwa. Ilikuwa kipupwe, mwaka juzi au ule wa kabla yake, sina haja ya kukumbuka. Nia yangu ilikuwa Beit al-Ajaib, lile jumba kubwa la kifalme, lakini sehemu yake iliporomoka Desemba 2020 na wakati ule ulikuwa unaishia kuitazama kwa nje tu. Tukakubaliana elfu arobaini, atupeleke mimi na binti yangu Maruhubi na Mtoni, na atueleze. Hilo la mwisho nililikazia: atueleze. Magofu naweza kuyaona mwenyewe, daladala za Bububu zinapita barabara hiyo hiyo. Nilichokuwa nanunua ni maneno.

Na maneno nilipata, wallahi.

Mimi ni fundi cherehani, si mwalimu wa historia. Lakini habari za Salme binti Said, yule binti wa Sultani wa Unguja, nimezishika tangu usichana wangu, na kile kitabu cha maisha yake alichokitoa Ujerumani mwaka 1886 nimekisoma mpaka kurasa zimeachia gundi. Sasa tumefika Maruhubi, tumesimama katikati ya zile nguzo nene za mawe, upepo wa bahari unapiga, mafundi wa majahazi wanagonga misumari upande wa pili, mimi moyo umejaa. Kijana akakohoa, akatangaza: "Hapa ndipo alipozaliwa Bibi Salme, mtoto wa Sultani Barghash."

Makosa mawili kwa pumzi moja! Salme alizaliwa Mtoni, mwaka 1844. Barghash hakuwa baba yake, ni kaka yake kwa baba. Baba yao wote ni Sultani Sayyid Said. Tena ni Barghash huyu huyu ambaye Salme, akiwa bado binti mdogo, alimwandikia barua za siri mwaka 1859 alipotaka kumpindua ndugu yao Majid, aliyekuwa Sultani wakati ule, na baadaye alipoupata usultani akakataa kupatana naye. Na hili kasri la Maruhubi Barghash alilimaliza mwaka 1882. Salme alikuwa ameshaondoka Unguja tangu 1866, ameolewa na Mjerumani, amefiwa na mume, yuko Ujerumani analea watoto watatu. Azaliwe vipi kwenye nyumba iliyojengwa yeye akiwa mjane?

Nilinyamaza. Nikajiambia ulimi umeteleza.

Tukaingia hamamu, nyumba ya kuogea. Akasema Sayyid Said alimjengea mkewe wa Kiajemi, mjukuu wa Shah. Jamani, hiyo ni Kidichi! Ya mwaka 1850, iko huko mashambani, ndiyo yenye nakshi za maua na ndege ukutani. Kijana kaibeba hamamu nzima kutoka mashamba ya mikarafuu kaja kuitua pwani, kama mtu anayehamisha sufuria kutoka jiko hili kwenda lile.

Kisha vyumba. Kila kachumba chenye giza kwake kilikuwa jela ya watumwa. Pa kuogea, jela. Pa kubadilishia nguo, jela. Choo, jela. Wazungu wawili waliojiunga nasi njiani wakawa wanapiga picha choo wakitikisa vichwa kwa huzuni. Utumwa ulikuwepo Unguja, na ulikuwa mbaya vya kutosha, hauhitaji kusaidiwa na choo. Watumwa walipika, walilima, walichota maji ya nyumba kama hizi, na waliendelea kushikiliwa hata baada ya Barghash kubanwa na Waingereza mpaka akalifunga soko la Mkunazini mwaka 1873. Hayo angeweza kuyasema. Hakuyasema hata moja. Alitaka minyororo.

Hapo ndipo nilipofungua mdomo. Kwa upole, Mungu ni shahidi yangu: "Samahani mwanangu, Bibi Salme si alizaliwa kule Mtoni?"

Alinitazama kuanzia kwenye viatu. Akasema, mbele ya binti yangu na mbele ya wale Wazungu: "Bi mkubwa, kama unajua yote, ungekuja peke yako."

Bi mkubwa ni neno la heshima. Alivyolitamka yeye lilikuwa na mkia. Mmoja wa wale Wazungu akauliza nimesema nini, akajibiwa, nikaona anatabasamu. Sijui alitafsiriwa nini na sitajua mpaka nife. Usiku kule gesti nilipata majibu kumi na mawili, kila moja tamu kuliko lililotangulia, lakini pale pale, kati ya nguzo za Barghash, nilichoweza kusema ni "haya."

Haya! Mimi ambaye dukani kwangu mteja akileta ujeuri kuhusu pindo anaondoka na kitambaa chake mkononi.

Sasa niseme jambo ambalo binti yangu anasema nisipolisema nitakuwa mnafiki. Tulipokuwa tunatoka hamamu, kijana alisimama, akasukuma mchanga na majani makavu kwa kandambili yake, akafungua chupa yake ya maji ya kunywa na kumimina kidogo sakafuni. Maji hayakutawanyika. Yalijikusanya, yakaanza kutembea polepole kando ya ukuta kwenye kijimfereji ambacho mimi nilikuwa nimekikanyaga bila kukiona, yakakata kona, yakapotelea kwenye tundu. "Kila sakafu hapa imelala upande," akasema, kwa sauti nyingine kabisa, wala hakuwa anawatazama Wazungu. Akatuonesha maji yalikoingilia, yalikotokea, na lile birika la nje lenye mayungiyungi. Akarudi kwenye nguzo, akaipiga kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe wake ubavuni: hizi zilibeba ghorofa, kule juu kulikuwa na mbao na roshani, moto wa mwaka 1899 ukala kila kinachoungua, ukaacha mawe. Akapiga hatua akihesabu kutoka nguzo hadi nguzo, na kwa mara ya kwanza siku ile niliiona nyumba. Nikaona watu wanatembea hewani juu ya kichwa changu.

Kwa hiyo ziwe nyota mbili. Pengine tatu. Mtu anayejua sakafu imelala upande gani si mtu wa kubezwa.

Basi akatupeleka Mtoni, na zile tatu akaanza kuzila mwenyewe.

Mtoni, jamani! Nyumba kongwe kuliko zote za masultani wa Unguja. Salme ameieleza mpaka ukifumba macho unaijua njia: ule ua mkubwa usio na umbo, tausi na swala na mbuni wakizurura humo, mto ukipita ndani kwa ndani, safu ya nyumba za kuogea upande mmoja, na upande wa baharini nyumba ya mfalme mwenyewe. Mbele yake bendile, ule mnara wa mbao wa duara uliotazama bahari, ambamo Sayyid Said alitembea akienda na kurudi, kichwa kimeinama, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi ya zamani pajani. Zaidi ya watu elfu moja waliishi pale. Nilitaka tu nisimame mahali bendile ilipokuwa. Hicho tu, katika safari nzima.

Kijana akatazama simu. "Hapa ni nyumba ya baba yake," akasema, bila kusema baba wa nani, wala kukiri kwamba dakika arobaini zilizopita baba alikuwa Barghash. Dakika kumi, twende. Nikamuuliza bendile ilikuwa upande gani. Akaniuliza bendile ni nini.

Nilikaa kwenye gari nikiangalia dirishani. Binti yangu akaninong'oneza, "Lakini mama, anachekesha." Sikumjibu.

Wakati wa kulipa nilimuuliza, kwa sababu nisingelala: ya mifereji unayajua vizuri hivyo, kwa nini usiwaelezee watu hayo? Akazihesabu noti kwanza. Akasema, "Bi mkubwa," na safari hii mkia haukuwepo, "wageni hawaji kuona mfereji. Wanataka masuria tisini na tisa. Nikiwaambia maji, hawatoi hata bakshishi." Hilo la tisini na tisa namwachia, maana nimelisikia kwa kila mtu. Nikamwongezea elfu tano. Ndiyo, nilimwongezea, mtu aliyenitukana. Nilikuwa nalipia yale maji.

Kesho yake nilirudi Maruhubi peke yangu, kama alivyonishauri. Daladala, nauli ya kawaida, kanga begani. Nilikaa kivulini nyuma ya nguzo kubwa nikala maandazi yangu, na nilikuwa nimeshaanza kupanga jinsi nitakavyoandika hapa kwamba ni kijana mzuri, ana kipaji, njaa tu inamponza, nyota nne.

Likaingia kundi la wanafunzi, sare za shule, madaftari mkononi, na sauti ikawatangulia naijua.

"Andikeni. Hapa ndipo alipozaliwa Bibi Salme, mtoto wa Sultani Barghash. Wapo wanaobisha, lakini jana tu nilikuwa hapa na mtaalamu mmoja wa historia, mama mtu mzima kutoka bara, na yeye amethibitisha."

Kalamu zikaanza kukwaruza. Nilisimama na andazi mdomoni, nikatoka nyuma ya nguzo. Akaniona. Hakushtuka hata kidogo.

"Huyu hapa," akawaambia. "Muulizeni."