Feni ya milimita 64 kwenye jeti ndogo ya rimoti ya kujenga mwenyewe: uzoefu wangu baada ya msimu mzima

Kwa wenye haraka, hukumu yangu ni hii: feni ya milimita 64 yenye mapanga 12, yenye mota ya KV 3500 (yaani mizunguko 3500 kwa dakika kwa kila volti, ikiwa haina mzigo) inayotumia betri ya seli 4, ni kifaa kizuri kwa bei yake na ningeinunua tena. Lakini ile nguvu iliyoandikwa kwenye boksi huipati mpaka uijengee njia nzuri ya hewa. Wengi wakiona ndege imelegea wanakimbilia betri kubwa zaidi. Mimi nawaomba waanze na mdomo wa feni na bomba la nyuma, kwa sababu huko ndiko nilikookota nguvu nyingi bila kuongeza hata dola kumi.

Kwa wadau ambao hawajaiona: hii ni jeti ya umeme, haina moto wala mafuta ya taa. Feni imefungwa ndani ya pete ya plastiki, inavuta hewa mbele na kuitupa nyuma kwa kasi, na kwa kuwa imefichwa tumboni, pua ya ndege inabaki safi bila propela. Zipo za milimita 50, 64, 70, 80, 90 na kuendelea. Nilichagua 64 kwa sababu ndege yake inarushwa kwa mkono. Haihitaji matairi wala lami, inatua kwa tumbo kwenye nyasi, na betri ya mAh 2200 inaitosha. Ukipanda hadi 80 au 90, betri zinakuwa kubwa na bei yake inapanda sana.

Mimi naishi Indianapolis. Majira ya baridi hapa hayafai kurusha, kwa hiyo ni wakati wa kukata na kugundisha. Feni niliipata kwa dola 30 na kitu, ESC (kidhibiti cha kasi ya mota) ya ampea 60 bei hiyo hiyo karibu, servo mbili za gramu 9 (vimota vya kusogeza usukani), betri mbili. Bodi za povu nilinunua duka la Dollar Tree, zile za kubandikia mabango ya shule, zenye karatasi pande zote mbili. Ukiacha rimoti na chaja, ambazo nilikuwa nazo, vyote havikufika dola 170.

Boksi lilipofika, feni ilikuwa imeshafungiwa mota, waya tatu zimetoka, na karatasi ndogo ya maelezo. Haikuwa na pete ya mdomo, ule ukingo wa mviringo wa kuingizia hewa. Na haikuwa imesawazishwa. Niliibana kwenye jiliwa, nikakaa nyuma yake pembeni, nikapandisha taratibu. Kufika nusu ya nguvu ikaanza kukoroma, na meza ikatetema pamoja nayo. Feni hii ikiwa na mzigo inazunguka karibu mara 40,000 kwa dakika, kwa hiyo upande mmoja ukizidi hata kwa uzito wa punje ya mchele, beringi zinaumia na servo zinatikiswa safari nzima. Dawa yake ni ya subira. Nilitoa koni ya katikati, nikabandika kwa ndani kipande cha selotepu cha ukubwa wa ukucha wa mtoto, nikawasha. Mbaya zaidi. Nikakihamishia upande wa pili, nikawasha, nikakisogeza tena kidogo. Mahali fulani ule mkoromo ukaondoka kabisa, ukabaki mluzi mmoja mwembamba, na maji niliyoweka kwenye glasi juu ya meza yakatulia. Nikaweka tone la gundi mahali pa selotepu. Kiwanda kingeweza kulifanya hili kabla ya kufunga boksi, na hapo naikata alama feni hii bila kusita.

Sasa tuje kwenye hewa.

Nilitengeneza stendi ndogo ya mbao juu ya mizani ya jikoni, feni ikipuliza juu na kukandamiza mizani chini, na nafasi ya kutosha ivute hewa bila kuzibwa. Nikaunga mita ya wati kati ya betri na ESC. Ikiwa uchi, bila chochote mdomoni: gramu 780, ampea karibu 42. Halafu nikachukua lile bomba la povu linalovishwa mabomba ya maji yasigande wakati wa baridi, linauzwa duka lolote la vifaa vya ujenzi. Nikalipasua kwa urefu, nikapata nusu duara, nikaizungusha kwenye mdomo wa feni kama ukingo wa chungu. Betri ile ile, ampea zile zile kasoro kidogo: gramu 950.

Gramu 170 kutokana na kipande cha povu! Sababu yake ni rahisi. Hewa haiji feni kutoka mbele tu, inaingia pia kutoka pembeni. Ikikuta ukingo mkali inashindwa kukata kona, inachanika, na ncha za mapanga, ambazo ndizo zinazofanya kazi kubwa, zinakula hewa iliyovurugika. Ukingo wa mviringo unaishika hewa na kuigeuza taratibu mpaka ndani. Ndani ya ndege, ukingo huo nauweka kwenye matundu ya kuingizia hewa, kwa sababu mdomo wa ndege ndio mdomo wa feni.

Nyuma nako kuna hesabu yake. Duara la milimita 64 lina eneo la sentimita 32 za mraba. Kitovu cha feni hii kina kipenyo cha milimita 28, kinakula kama 6, zinabaki 26 ambazo hewa inapita kweli. Tundu la kutokea linatakiwa liwe asilimia 85 hadi 90 ya hizo 26. Nilifanya tundu la milimita 54, yaani sentimita 23 za mraba hivi. Ukilibana zaidi ndege inapata kasi ya mwisho kubwa, lakini nguvu ya kuondokea inapungua na ampea zinapanda, na ndege ya kurushwa kwa mkono inaihitaji sana ile nguvu ya mwanzo. Ukiliacha wazi sana, hewa inatoka kivivu. Bomba lenyewe ni plastiki angavu ya kufunikia ripoti, ile ya duka la steshenari, iliyokunjwa koni. Mshono uwe nje. Selotepu ikiachia kwa ndani inapepea, na utaisikia kabla ya kuiona.

Matundu ya kuingizia, moja kila upande wa kifua, kwa pamoja yana sentimita 28. Nimewaona watu wanaojenga mfano wa jeti ya kivita ya MiG-15 yenye pua wazi wanaongeza tundu la siri chini ya tumbo, kwa sababu hewa ya puani haitoshi kwa safari ndefu ya bomba. Linaharibu sura kidogo lakini linafanya kazi.

Ujenzi wa mwili sitaueleza sana. Ni umbo la delta, yaani bawa la pembetatu, gundi ya moto, vibawa viwili vya nyuma vinavyofanya kazi ya kupanda, kushuka na kulalia upande. Karatasi ya bodi haipendi umande, kwa hiyo nilipaka vanishi ya maji mara mbili. ESC iko ndani ya njia ya hewa ipate kupoa. Uzito pamoja na betri ni gramu 820, na uwiano wa uzito wa mbele na nyuma ulipimwa kwa makini, kwa sababu delta yenye mkia mzito haisameheki.

Kuirusha ni kitu kingine kabisa ukitoka kwenye propela. Propela ya mbele inapuliza mabawa na mkia, kwa hiyo hata ukiwa taratibu usukani unajibu. Jeti haina upepo huo. Inakutii ikiwa tu yenyewe inakwenda. Kwa hiyo: vibawa vya nyuma vimeinuliwa milimita chache, nguvu yote, subiri feni ifike kilele, kisha mrushaji anaitupa usawa, pua juu kidogo tu. Halafu unaiacha. Inashuka kidogo kwenye sekunde ya kwanza, moyo unakwenda mbio, na mkono unataka kuvuta. Usivute. Ikishashika kasi inapanda yenyewe, na hapo ndipo raha inapoanza. Ikipita mbele yako kwa chini, unasikia mluzi unaopanda ikija na kushuka ikishapita, sauti ya jeti kweli, si ya mdoli.

Raha hiyo ni fupi. Kipenyo kidogo kinachosukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa kinakula umeme kuliko propela kubwa inayosukuma hewa nyingi polepole, na hilo haliondolewi na ufundi wowote. Kwa nguvu kamili mita ilionyesha wati 610 hivi. Ukitumia nguvu kwa busara, betri ya mAh 2200 inakupa kama dakika nne, nami nimeweka kengele kwenye tatu na nusu. Natua kila seli ikiwa juu ya volti 3.6. Nikirudi nyumbani nazirudisha zote kwenye 3.8 za kuhifadhia, ndani ya mfuko usioshika moto, na sichaji betri nikiwa chumba kingine.

Muda ule unaobaki baada ya kengele ni wa kutua, na unauhitaji. Feni haipandi kasi papo hapo kama propela. Ukikata nguvu kabisa ukagundua ni fupi, ukiirudisha inakuwa imeshachelewa. Njoo na robo ya nguvu, kwa mbali, chini, ukishikilia kasi, ukate tu ikiwa juu ya nyasi kimo cha goti. Nyasi zikiwa ndefu zitaingia kwenye matundu. Nimeweka wavu wa plastiki wenye macho mapana; unakula nguvu kidogo na siuondoi.

Je, ununue iliyokamilika badala yake? Inategemea unachotaka. Kampuni ya Horizon Hobby ya Champaign, Illinois, inauza jeti za povu za E-flite zenye mfumo wa AS3X unaotuliza ndege kwenye upepo, na baadhi zina SAFE inayoirudisha usawa ukiachia vijiti. Rafiki yangu wa klabu anayo moja na inaruka kwa utulivu ambao yangu haina. Anayetaka kuruka Jumamosi hii anunue hiyo. Anayetaka kujua kwa nini inaruka ajenge, na siku bawa likivunjika atakata jingine kwa bodi ya bei rahisi.

Kwa tulioko Marekani, sheria ni nyepesi ukizifuata mapema. Ndege hii imezidi gramu 250, kwa hiyo unajisajili FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, kwa dola 5 kwa miaka 3, unaandika namba nje ya ndege, na unafanya mtihani wa usalama wa TRUST ambao ni bure. Tangu Machi 2024 wanasimamia pia sharti la Remote ID, yaani ndege kujitambulisha yenyewe kwa redio ikiwa angani, isipokuwa ukirushia ndani ya viwanja vilivyotambuliwa kuwa FRIA. Vingi ni vya klabu za AMA, chama cha warusha ndege ndogo chenye makao Muncie, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka kwangu. Kina jumba la makumbusho la ndege ndogo pale, lipeleke familia.

Na kama unafikiria kwenda nayo nyumbani likizo, betri zisizofungwa kwenye kifaa zinakwenda nawe ndani ya ndege, kamwe si kwenye begi la chini. Hii ya seli 4 ni kama saa-wati 33, chini ya kikomo cha 100. Ila kabla ya kuipakia andikia KCAA au TCAA (mamlaka za anga za Kenya na Tanzania) uulize kuhusu kibali, ukiwa bado huku.

Ambaye hajawahi kurusha ndege yoyote asianze na hii. Aanze na ndege ya mazoezi ya propela, bawa juu, mpaka kutua kuwe jambo la kawaida kwake. Nyingi za ndege hizo zinatumia betri ya seli 3, na ukizipenda betri zako hizo kuna toleo la feni hii la KV 4500 linalozitumia. Nguvu yake ni ndogo kuliko ya seli 4, kwa hiyo punguza uzito wa mwili, na usiache pete ya mdomo.