Resource Hacker: jinsi "Mali kauli" ilivyoingia kwenye kompyuta ya shangazi

Shangazi yangu ana duka la vifaa vya ujenzi Morogoro, na mauzo yake yote yamo kwenye programu moja ya zamani ya Windows aliyouziwa na kijana fulani. Programu inafanya kazi. Tatizo ni sura yake: maandishi madogo kama ya kwenye karatasi ya dawa, Kiingereza kitupu, na kitufe cha Delete kimebanana na cha Save. Mara mbili ndani ya wiki moja alifuta mauzo aliyotaka kuyahifadhi. Akanipigia: "Baba, wewe si ndiye unajua makompyuta? Njoo uniondolee hili lidude." Mimi nimesomea uhasibu, lakini kwetu ukishaweza kuweka Windows, wewe ni fundi.

Kijana aliyeiandika nilimpata kwa simu. Msimbo asilia, yaani maagizo ya programu kama alivyoyaandika mwenyewe, alishaupoteza, ila aliniruhusu nichokonoe nitakavyo. Ruhusa hiyo ni muhimu, kwa sababu programu nyingi za kununua mkataba wake unakataza kuzigusa. Ndipo nikapakua Resource Hacker, programu ya kuhariri sura ya programu nyingine, kazi ya Angus Johnson wa Australia, ya bure, iliyoanza 1999.

Inavyofanya kazi ni hivi. Ndani ya faili la .exe, lile unalolibofya kufungua programu, mbali na maagizo ya programu yenyewe, huwa kuna hazina ya vitu vinavyoonekana: menyu, madirisha, aikoni, maneno. Resource Hacker inakufungulia hazina hiyo. Kushoto unaona matawi, kulia maandishi ya kuhariri, na ukichagua dirisha linajichora pembeni, hata unaweza kukivuta kitufe kwa kipanya. Kila kitufe ni mstari mmoja: jina lake, namba yake ya utambulisho, kisha namba nne za mahali kilipo, upana na kimo. Jina na mahali badilisha upendavyo. Namba ya utambulisho usiiguse kabisa, maana programu inakijua kitufe kwa namba hiyo, si kwa jina.

Ushindi mkubwa ulikuwa mahali ambapo sikutarajia. Nilijiandaa kukuza kitufe kimoja kimoja, kumbe vipimo vya dirisha havihesabiwi kwa nukta za skrini, vinahesabiwa kwa ukubwa wa fonti yake. Nikabadilisha 8 kuwa 11 kwenye mstari wa FONT, na dirisha zima likakua pamoja na vyote vilivyomo. Namba moja tu! Delete nikaihamishia kona ya mbali. Ila ukihamisha, kumbuka kitufe cha Tab cha kibodi kinafuata mpangilio wa mistari, si mahali vitu vilipo kwenye dirisha. Shangazi hutumia Tab sana, kwa hiyo ilinibidi nipange mistari upya.

Kutafsiri ndiko kulikonitoa jasho. "Void" niliiandika "Batilisha". Shangazi akauliza nani anasema hivyo dukani, tukaweka "Futa risiti". "Credit Sale" yeye mwenyewe alisema iwe "Mali kauli", na hakuna mteja wa saruji asiyeielewa. "Wanaodaiwa" ilikatika ikawa "Wanaoda" mpaka nilipopanua kitufe. Maneno yetu ni marefu, acheni nafasi.

Halafu ukaja ujumbe wa kurudisha bidhaa. Kwa Kiingereza ulikuwa "Return %d %s?", yaani namba kwanza, kisha jina la kitu. Sisi hatusemi "tano mifuko", kwa hiyo nikaandika "Rudisha %s %d?" nikajiona mtafsiri hodari. Programu ikazimika hapo hapo. Zile alama ni mashimo ambayo programu inayajaza kwa zamu, na zamu ya kwanza ni ya namba siku zote. Nilikuwa nimeiambia isome namba kana kwamba ni neno, ikaenda kulitafuta neno hilo mahali pasipokuwepo. Jioni nzima imepotea. Dawa ilikuwa kuipinda sentensi bila kugusa zamu: "Idadi: %d. Bidhaa: %s. Zirudishwe?" Si Kiswahili cha mashairi, lakini haizimi.

Mipaka ipo. Maneno ambayo kijana aliyazika ndani ya msimbo yamebaki Kiingereza. Madirisha ya programu zilizotengenezwa kwa .NET, mfumo wa Microsoft wa kuundia programu, huyapati kwa njia hii. Faili lililobanwa kwa UPX, kifaa cha kupunguza ukubwa wa faili za programu, lifumuliwe kwanza. Programu yenye sahihi ya kidijitali, ile inayothibitisha nani kaitoa na kwamba haijaguswa, sahihi hiyo inavunjika ukibadilisha hata nukta. Ya shangazi haikuwa nayo, ila antivairasi ya dukani ililitia karantini faili jipya ikabidi nilitolee kibali. Kwa hiyo usifanyie kazi kwenye faili halisi. Nakili kando, na lile la kwanza liweke kwenye flashi.

Kwa nyota, naipa 4 kati ya 5. Moja nimeikata kwa sababu haikuonyi unapojichimbia shimo kama nililochimba mimi. Nimeongeza kazi moja ambayo naipendekeza: hifadhi mabadiliko yako kama faili la .res, yaani faili lenye hazina hiyo peke yake, kwa sababu siku programu ikiwekwa upya unaweza kuyarudishia kwa amri moja ya maandishi bila kuanza mwanzo.

Vingine vilivyobaki Kiingereza ni vitufe vya Yes na No kwenye maswali. Hivyo huchorwa na Windows yenyewe, faili la programu halina mamlaka navyo. Nilipomweleza shangazi, hakuinua hata macho kwenye daftari lake: "Hayo mawili nayajua, baba. Niwekee na ile ya kuonyesha nani hajalipa mabati."